Mabula Aliyezaliwa Kiangazi: Mjadala Kuhusu Majina ya Ukoo katika Usukuma

Fomu ya maombi ya Kitambulisho cha Taifa humtaka Mtanzania aandike jina la kwanza, jina la kati na jina la mwisho, na wengi walioizoea huamini kwamba la mwisho ndilo jina la ukoo, yaani jina ambalo mtu hulipokea kwa baba na kuwarithisha wanawe bila kulibadili. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako Wasukuma walio wengi wanaishi pamoja na Wasumbwa, Wazinza na wahamiaji waliofuata dhahabu kutoka kila upande wa nchi, imani hiyo inagongana na desturi ya kutoa majina ambayo haikuwa na jina la namna hiyo. Mgongano huo umezaa mjadala unaosikika misibani, ofisini na kwenye vikao vya mirathi, na hapa unapangwa katika sauti nne: ya mtetezi wa mila, ya karani wa usajili, ya mwalimu wa historia, na ya msimamizi wa duara, duara likiwa shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sauti hizo si za watu fulani, bali ni hoja zilizopewa vinywa ili zijibizane.

Mtetezi wa mila ndiye anayefungua, na anadai kwamba jina la Kisukuma ni taarifa ya kuzaliwa, wala halikukusudiwa kuwa alama ya ukoo. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula, na wa kike Kabula, kwa kuwa mvua kwa Kisukuma ni mbula. Aliyezaliwa usiku huitwa Bujiku. Aliyezaliwa mawingu yametanda huitwa Malunde. Aliyezaliwa nyumba ikiwa na wageni huitwa Mageni. Naye msichana aliyepokewa na jua huitwa Limi. Kitenzi kuyunga, chenye maana ya kuzunguka bila kutulia, kimewapa watu majina Mayunga kwa wavulana na Kayunga kwa wasichana, na kila jina la namna hiyo lina nyuma yake mama aliyekuwa safarini au aliyehangaika huku na huko. Vita, yaani bulugu, vimeacha akina Bulugu, na matatizo, yaani makoye, yameacha akina Makoye, ambao jina lao huwakumbusha kila siku hali ya nyumba waliyozaliwa.

Anapofika kwa mapacha, mtetezi huyo hapiti haraka, na ana haki ya kutopita. Pacha anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa na anayemfuata ni Doto, wawe wa kiume au wa kike. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Na anayemfuata Shija ni Kashinje, ambaye wengine humwandika Kashindye. Mpangilio huo ni thabiti kiasi kwamba mgeni asiyeijua familia akitambulishwa kwa Doto na Kashinje wa tumbo moja, anajua mara moja kwamba kati yao yupo au alikuwepo Shija, na kwamba kabla ya Doto alitangulia Kulwa, hata kama hao wawili walifariki wakiwa wachanga na hakuna anayewataja tena. Doto Mashaka Biteko, mbunge wa Bukombe mkoani Geita ambaye alikuwa Waziri wa Madini kuanzia mwaka 2019 na Naibu Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2023, alilitangaza Usukumani fungu lake katika uzazi kila jina lake liliposomwa bungeni. Mtetezi anauliza ni kisanduku kipi cha fomu kinachoweza kubeba habari nyingi kiasi hicho.

Anaongeza jambo ambalo makarani hawalipendi. Zamani mtoto aliyelia bila kukoma au kuugua mara kwa mara alipelekwa kwa nfumu, yaani mganga mpiga ramli, ili ijulikane ni nani miongoni mwa masamva, mizimu ya wahenga, anayedai jina lake lirudi duniani. Ikibainika, mtoto alipewa jina hilo, na la kwanza likaachwa au likabaki pembeni. Jina, kwa hiyo, lingeweza kurekebishwa. Mtu alipohitaji kujitambulisha zaidi alijitaja kuwa ng'wana wa fulani, ng'wana ikiwa na maana ya mtoto, na huyo fulani alikuwa baba yake mzazi. Kizazi kilichofuata kilitaja baba mwingine, kwa hiyo jina la babu lilitoka mstarini isipokuwa pale mjukuu alipolirithi kwa heshima au kwa ramli.

Karani wa usajili anasikiliza, kisha anajibu kwamba hayo yote yalifaa kijijini, ambako hata wakiwemo akina Mabula watano kila mtu anajua yupi ni yupi. Anakumbusha kwamba vijiji hivyo havikubaki kama vilivyokuwa: serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya kibanda na ya kichwa, na ili kodi ikusanywe ilibidi kila mtu mzima awe na jina na jina la baba katika daftari, ikatunga sheria ya usajili wa vizazi na vifo mwaka 1920, kisha kuanzia mwaka 1947, katika mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, ikawahimiza wakulima na wafugaji kuhama kutoka maeneo yaliyojaa kwenda kufungua ardhi ya Geita. Mtu aliyehamia mahali ambako hakuna anayemjua baba yake hakuwa na ushahidi wa uzawa wake isipokuwa karatasi. Leo Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, iliyoanzishwa mwaka 2006, na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008, zinaendeleza kazi ileile, na karani haoni namna ambayo mjane atadai kiwanja cha marehemu mumewe au yatima atadai mafao ya baba yake ikiwa majina hayaonyeshi nani ni wa nani.

Tena, karani anasema, Wasukuma wenyewe walianza kugandisha majina kabla hawajalazimishwa na yeyote. Makwaia Mwandu alikuwa mtemi wa Busiya, mkoani Shinyanga. Mwanawe Kidaha, aliyerithi utemi na kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945, aliitwa Kidaha Makwaia kwa kanuni ileile ya ng'wana, na baadaye akaongeza jina la ubatizo, David. Kwa kanuni hiyo, waliofuata wangepaswa kujiita kwa jina la Kidaha; lakini nyumba hiyo imebaki ikijulikana kwa jina la Makwaia, wala si la Mwandu aliyetangulia. Jina la mtu mmoja lilipopata heshima, warithi waliona hasara kuliacha.

Hapo mwalimu wa historia anaingilia, na anaomba mjadala uvuke bahari hadi Hispania, nchi ambayo mashabiki wa mpira wa Shinyanga na Geita wanayajua majina yake ya ukoo bila kujua yalikotoka. Katika Hispania ya karne za kati, anaeleza, mtu aliyeitwa Pedro alipomzaa Sancho, mtoto alijulikana kama Sancho Pérez, kwa kuwa kiambishi -ez kilimaanisha mwana wa fulani. Sancho naye alipomzaa Fernando, mjukuu akawa Fernando Sánchez, na Pérez likaachwa njiani. Huo ndio mtindo wa ng'wana, isipokuwa kwamba Mhispania aliuweka mwishoni mwa jina na Msukuma mwanzoni. Kuelekea mwisho wa karne hizo majina yalianza kuganda, kwanza kwa wenye mali ya kurithisha. Kisha Mtaguso wa Trento, uliomalizika mwaka 1563, ukaagiza maparokia yaweke vitabu vya ubatizo na ndoa. Na mwaka 1871 serikali ya Hispania ikaanza kutumia daftari lake la kiraia, ambalo kila raia aliingizwa kwa jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama. Xavi Hernández, aliyekuwa kiungo wa Barcelona, ana jina la ukoo lenye maana ya mwana wa Hernando, lakini baba yake haitwi Hernando. Hernando huyo alikufa karne nyingi zilizopita na hakuna anayejua alikuwa nani.

Huko Katalonia, eneo la kaskazini mashariki ambalo Barcelona ni mji wake mkuu na Kikatalani ni lugha yake, kiambishi -ez hakikushika sana, na watu waliitwa kwa kazi, kwa mahali au kwa jina tupu la baba. Ferrer ni mhunzi wa chuma, Fuster ni seremala, Puig ni kilima, Busquets ni vichaka, Guardiola ni mahali pa kulindia, na Martí ni mtu ambaye mhenga wake aliitwa Martí, basi. Mtindo huo wa mwisho, wa kuliweka jina la baba peke yake bila kiungo, ndio unaofanana hasa na unaotumika leo Usukumani, ambako neno ng'wana limedondoka kwenye maandishi na mtu akabaki kuwa Masanja Mabula. Wakatalani walifanya pia jambo ambalo Wasukuma hawakulifanya: waliunganisha ukoo wa baba na wa mama kwa herufi i, yenye maana ya "na", ndiyo maana msanifu wa majengo aliyebuni kanisa la Sagrada Família anaandikwa Antoni Gaudí i Cornet, Cornet likiwa jina la upande wa mama yake.

Mwalimu ana kielelezo kingine, na huenda ndicho chenye kushangaza zaidi katika mjadala wote. William Ferdinand Shija, aliyekuwa mbunge wa Sengerema, jirani na Geita, na baadaye Katibu Mkuu wa Chama cha Mabunge ya Jumuiya ya Madola hadi alipofariki mwaka 2014, alibeba jina la kati lililozaliwa Hispania. Ferdinand ni Fernando, jina lililotengenezwa kwa maneno ya Kijerumani cha kale na Wavisigothi, kabila lililoitawala Hispania hadi Waislamu walipovuka kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711. Wafalme wakalipenda, mmoja wao akatangazwa mtakatifu mwaka 1671, na Kanisa likalisambaza. Kwa njia hiyohiyo Wakatoliki wa ukanda huu wamepata akina Alfonsi, jina jingine la Wavisigothi, na akina Xaveri, jina lililotokana na kasri la Javier katika nchi ya Wabaski, ambalo maana yake kwa lugha yao ni nyumba mpya. Njia ya majina hayo haifichiki: Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walifungua misheni ya Bukumbi kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1883, na vitabu vya ubatizo vikafuata. Shija, jina la mwisho la mheshimiwa huyo, kwa umbo lake linamtaja mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Likikaa mwisho wa majina matatu halisemi tena ni nani katika ukoo aliyezaliwa hivyo.

Mtetezi wa mila haridhiki na safari hiyo ya Hispania, kwa sababu, anasema, mwalimu ameonyesha ua na kuficha mwiba. Mwaka 1849 gavana wa Kihispania nchini Ufilipino, Narciso Clavería, aliamuru wenyeji wagawiwe majina ya ukoo kutoka katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti, na kwa kuwa kurasa ziligawanywa kwa miji, ipo miji ambayo hadi leo wakazi wake wengi wana majina yanayoanza kwa herufi moja. Nyumbani kwao Wahispania hawakuwa wapole zaidi: mwaka 1938 utawala wa Francisco Franco uliagiza kwamba majina katika daftari la kiraia yaandikwe kwa Kihispania, kwa hiyo Mkatalani aliyetaka mwanawe aitwe Jordi aliandikiwa Jorge. Mchezaji wa Kiholanzi Johan Cruyff, alipokuwa Barcelona mwaka 1974, alimwandikisha mwanawe Jordi mjini Amsterdam kwanza, na ofisi ya Barcelona ilipokataa jina hilo akaonyesha hati za Uholanzi mpaka ikabidi likubaliwe. Franco alifariki mwaka 1975, na mwaka 1977 sheria ikaruhusu tena majina ya Kikatalani. Ikiwa daftari liliweza kumpokonya Mkatalani jina lake katika nchi yake mwenyewe, mtetezi anauliza, Msukuma alitarajia nini kwa karani wa mkoloni na kwa kitabu cha padri?

Swali hilo linastahili jibu la sheria, na jibu linapatikana. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917, kanuni ya 761, ilimtaka paroko ahakikishe anayebatizwa anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa aliongeze yeye mwenyewe jina la mtakatifu katika kitabu. Kanuni hiyo iliachwa. Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko wasitoe jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo, na mvua, usiku, wageni au kuzaliwa baada ya mapacha havina ukinyume wowote. Mwaka huohuo wa 1983 jimbo la Kahama liliundwa, na la Geita mwaka 1984, kwa hiyo majimbo hayo mawili yamekuwapo karibu maisha yao yote chini ya kanuni inayomruhusu Mabula kubatizwa Mabula. Sheria ya nchi nayo haijawahi kudai jina la kigeni. Kwa kipimo hicho hoja ya mtetezi ina nguvu kwa miaka ya wamisionari wa kwanza na inapungua sana kwa wazazi wa leo, ambao wanamwita mtoto jina lililosikika kwenye tamthilia kisha wanailaumu ofisi.

Kuhusu wanawake sauti zote nne zinasema machache, jambo ambalo lenyewe ni aibu kidogo. Mwanamke wa Kisukuma alibaki ng'wana wa baba yake hata baada ya kuolewa, kama vile Mhispania asivyoacha majina yake mawili akiolewa. Desturi ya kuvaa jina la mume imeletwa na maisha ya mjini, si na mila. Ajabu nyingine ni ya kisarufi. Jina Mabula ni la kiume, lakini limekuwa jina la mwisho la wanawake wengi, akiwemo Dkt. Angeline Mabula aliyewahi kuwa Waziri wa Ardhi, na hakuna anayetarajia liandikwe Kabula. Jina likishaganda huacha kusikiliza jinsia, kama lilivyoacha kusikiliza hali ya hewa. Ndiyo maana darasa lolote la Shinyanga lina mtoto wa ukoo wa Mabula aliyezaliwa Agosti, ardhi ikiwa kavu na ng'ombe wakitafuta maji.

Msimamizi wa duara, aliyenyamaza muda wote, anasema kwamba wenzake wanabishana juu ya majina ambayo yeye hayaoni kazini. Katika machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu au Mgusu, mchimbaji akifika huandikwa kwenye daftari la shule kwa jina alilojitajia, na mara nyingi hilo ni jina la utani: la mkoa alikotoka, la mchezaji wa mpira, la silaha au la kisa kilichompata shimoni. Mawe yakipanda juu hugawanywa kwa mifuko, ya mwenye leseni, ya mwenye eneo, ya mwenye duara na ya wachimbaji, kisha kila mmoja huenda na fungu lake karashani likasagwe. Kwenye mgawo huo jina la utani linatosha kabisa, kwa kuwa sura ya mwenyewe ipo pale. Halitoshi siku duara linapotitia. Wenzake wanajua wamempoteza nani, lakini hawajui wampigie nani simu, na maiti inayojulikana kwa utani tu ina hatari ya kuzikwa machimboni huku mama yake akiendelea kumsubiri. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, anasema, anayeuza dhahabu huingia kwenye hati kwa jina rasmi, kwa hiyo mtu mmoja huishi na majina mawili yasiyokutana: moja la sokoni na jingine la shimoni.

Mwalimu wa historia anaona katika utani huo desturi ileile ya Kisukuma ya kumwita mtu kwa tukio, na mtetezi wa mila anakataa kwa hasira, akisema kwamba jina la bunduki haliwezi kuwekwa pamoja na Shija. Hapa mtetezi amekosea. Jina Bulugu lilitokana na vita, na Makoye halikumpendeza aliyelibeba. Jina la Kihispania Expósito, lenye maana ya aliyewekwa nje, lilipewa watoto waliotupwa milangoni mwa makanisa, nalo limekuwa ukoo wa watu waheshimiwa. Majina hayachagui matukio mazuri tu.

Karani anapata neno la mwisho la kiutendaji, nalo ni juu ya tahajia. Sauti ya Kisukuma inayoandikwa ng'w imezoeleka kuandikwa mw, ndiyo maana Ng'wanza ikawa Mwanza. Kulwa huandikwa Kurwa. Na mtu ambaye cheti chake cha darasa la saba kinasema Kashinje, kitambulisho cha taifa kinasema Kashindye na kadi ya benki inasema Kashindi atatakiwa kula kiapo kwamba watu hao watatu ni mmoja, tena kwa gharama yake. Lawama hapa ni za pande zote mbili, za karani anayeandika alivyosikia na za mzazi asiyeomba kusoma kilichoandikwa.

Ukipima hoja zote, jina la ukoo lililoganda si adui wa mila ya Kisukuma: limeihifadhi mvua ya mhenga mmoja na mapacha wa nyumba moja, kama Hernández lilivyomhifadhi Hernando. Kilichoharibika ni nafasi ya kwanza. Majina ya Kisukuma yamesukumwa nyuma, mbele wakawekwa akina Ferdinand na Xaveri na sasa majina ya tamthilia, hivyo mila ya kutazama mazingira ya mtoto na kumwita kwayo inakosa mahali pa kuendelea, na jina la mwisho linabaki kumbukumbu ya uzazi wa mtu mwingine. Tiba ni rahisi na haihitaji sheria mpya. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto Shinyanga au Geita ampe jina lake la Kisukuma liwe la kwanza au la kati, aliandike mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ili karani asilikisie, alisome kwenye cheti kabla ya kuondoka dirishani, na tahajia hiyohiyo aifuate shuleni, benki na NIDA.